Chura wa miti "yuko hatarini": neno hilo lina maana gani kwetu Kivu?

Mama mmoja anayeuza lengalenga na sombe pale soko la Kadutu alinisikia nikiongea na jirani yake kuhusu vyura wanaotoweka. Akanikatiza: "Mwanangu, wanatoweka wapi? Mvua ikinyesha usiku, kule bondeni kwetu hatulali kwa kelele zao."

Alikuwa anasema kweli. Kila msimu wa mvua mabonde ya Bukavu hulia mpaka alfajiri, na mtu aliyelala karibu na mtaro hawezi kuambiwa kwamba vyura wamekwisha. Lakini ni kweli vilevile kwamba tathmini kubwa ya amfibia wote duniani, yaani vyura na jamaa zao, iliyochapishwa mwaka 2023, ilipitia spishi 8,011 na kukuta spishi mbili katika kila tano ziko katika hatari ya kutoweka. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo lililo katika hali mbaya kama hiyo. Hao wa bondeni na hao wa kwenye tathmini wote tunawaita vyura, na hapo ndipo maelezo yanapoanza kuchanganyika.

Wanaoimba mitaroni mwa Bukavu ni wa aina zinazovumilia watu. Chukua *Hyperolius kivuensis*, chura mdogo wa kwenye matete aliyepewa jina la Kivu yetu. Huyo shimo la matofali lililojaa maji linamtosha, na ukingo wa shamba la muhogo unamtosha. Ukifyeka msitu ukaacha dimbwi, anaweza hata kupata nyumba mpya. Sauti zake haziwezi kutupa habari za binamu zake wa milimani, kama vile kunguru wengi jalalani hawatuambii lolote juu ya kasuku wa msituni. Kelele za mjini hutupa matumaini yasiyo na msingi, na naona hilo ni jambo la kusemwa wazi.

Sasa chura wa miti ni yupi? Jina hilo ni la kazi, si la ukoo. Seremala wa Bukavu na seremala wa Lubumbashi wote wana randa, lakini si lazima wawe ndugu. Vyura wa miti wa Amerika ya Kusini na ya Kati wengi ni wa familia ya Hylidae. Wa kwetu Afrika wengi ni wa Hyperoliidae, pamoja na jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, ya *Leptopelis* iliyo katika familia ya Arthroleptidae. Walichofanana ni chombo cha kazi: ncha za vidole zilizopanuka kuwa visahani vinavyonata kwenye jani lenye maji, hata jani likiwa limesimama wima. Wa *Leptopelis* utawajua pia kwa macho, ambayo ni makubwa, yamejitokeza, na mboni yake hujikunja kuwa mstari wa wima unapomulika tochi. Mmoja wao, *Leptopelis karissimbensis*, alielezwa kisayansi mwaka 1929 na kupewa jina la volkeno ya Karissimbi, ile yenye mita 4,507 mpakani mwa Kongo na Rwanda. Dunia nzima hayupo isipokuwa kwenye milima ya Ufa wa Albertine, yaani mkanda huu wetu wa Kongo, Rwanda na Uganda.

Watu wakisikia "chura wa miti" hudhani akiachiwa miti basi. Ukitazama mahali anapotaga utaona kwamba miti ni sehemu tu ya mahitaji yake. Jike la *Leptopelis* hushuka chini usiku, huchimba udongo mbichi karibu na maji, na kufukia mayai humo. Viluwiluwi vikishaanguliwa husubiri mvua, kisha hujinyonganyonga juu ya tope mpaka vifike kwenye kinamasi. Wa *Hyperolius* wengi hubandika mayai kwenye majani yanayoning'inia juu ya maji, na watoto hudondoka wenyewe. Jenasi ya *Afrixalus* ina ufundi unaonifurahisha kuliko wote: hutaga juu ya jani, kisha hulikunja na kuligandisha kingo zake, kama mtu anayefunga chikwange, ule mkate wa muhogo, ndani ya majani.

Kwa hiyo mnyama huyu ana anwani tatu kwa wakati mmoja: kichaka cha kuitia, udongo au jani la kutagia, na maji ya kulelea. Zote lazima ziwe ndani ya mwendo wa chura, na chura haendi mbali. Unaweza kumwachia msitu mzima ukamuua kwa kukausha bwawa moja. Unaweza kumwachia bwawa ukamuua kwa kufyeka ukingo wake. Ndiyo maana naingiwa na wasiwasi ninapoona mikaratusi ikipandwa kwenye vinamasi vya vilima vyetu huku tukiambiwa kwamba mazingira yanarudishwa. Mkaratusi ni mti, hilo kweli, lakini hunywa maji kwa wingi, na kwingi hupandwa mahali pa majimaji kwa nia hiyohiyo ya kupakausha. Picha ya kilima itaonyesha kijani. Kwa *Leptopelis*, mahali hapo pamekufa.

Turudi kwenye neno "hatarini". Kiswahili chetu cha magazeti hulitumia kwa kila mnyama, na hapo hupoteza jambo la maana. Orodha Nyekundu ya Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, ina ngazi, na tatu kati yake ndizo zinazohesabiwa kuwa hatari: VU, EN na CR. Ukipenda, ziite walio dhaifu, walio hatarini, na walio hatarini kabisa. Mtu akisema tu "yuko hatarini" hajakuambia yuko kwenye ngazi ipi.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba vyura wengi walioingia kwenye ngazi hizo hawakuhesabiwa hata mmoja. Nani ataweza kuhesabu mnyama mwenye urefu wa kidole gumba, anayetoka usiku tu, msimu wa mvua tu, kwenye mwanzi wa mita 2,500? Kwa hiyo wataalamu hupima mahali badala ya kuhesabu mnyama. Huchukua ramani, huweka alama kila alipopatikana, huchora mstari unaozizunguka alama hizo, na kupima eneo lililo ndani. Likiwa chini ya kilomita za mraba 20,000, spishi inaweza kuingia VU. Likiwa chini ya 5,000, EN. Chini ya 100, CR.

Tarakimu hizi hazisemi kitu mpaka uzilete nyumbani. Ziwa Kivu lote lina kilomita za mraba 2,700 hivi. Kipimo cha EN basi hakifikii maziwa Kivu mawili. Kipimo cha CR ni kama theluthi ya kisiwa cha Idjwi: mnyama ambaye ulimwengu wake wote ungeweza kuuzunguka kwa miguu katika siku chache.

Udogo wa mahali peke yake hautoshi kumpandisha ngazi, kwani wako viumbe wanaoishi kwenye kisiwa kidogo kwa amani tangu zamani. Lazima yaongezeke masharti mengine, na mawili ndiyo yanayotuhusu sana: kwanza, awe kwenye sehemu chache au zilizokatikakatika, pili, hali ya mahali hapo iwe inazidi kuharibika. "Sehemu" hapa ina maana yake maalumu. Haina maana ya kijiji wala kilima. Ni eneo ambalo pigo moja linaweza kuwamaliza wote waliomo kwa mkupuo. Mabwawa kumi yanayotegemea mto mmoja ambao dhahabu inachimbwa juu yake yanahesabiwa kuwa sehemu moja.

Hapo ndipo swali la mama wa Kadutu linapojibiwa. Spishi inaweza kuwa na maelfu ya vyura wanaolia usiku kucha na bado ikawa EN, kwa sababu maelfu hao wote wako ndani ya msitu mmoja unaopungua. Wingi wa leo usiku na usalama wa miaka ishirini ijayo ni mambo mawili.

Mfano wa kukatikakatika tunao kilomita chache kutoka mjini. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 ikiwa na kilomita za mraba 600 hivi za msitu wa mlimani. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi karibu 6,000 kwa kuongeza msitu wa nyanda za chini upande wa magharibi. Vipande hivyo viwili vimeunganishwa na ushoroba mwembamba, na ushoroba huo umeliwa na mashamba na malisho. Mwaka 1997 hifadhi iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Tunapozungumza juu ya Kahuzi tunazungumza juu ya sokwe, na sina ugomvi na sokwe. Lakini sokwe anaweza kutembea. Chura wa bwawa la mlimani ambaye msitu wa pande zote umegeuka shamba ana bwawa hilohilo mpaka siku yake ya mwisho. Na gunia la makala tunayopikia Bukavu, nami nikiwemo, mara nyingi limetoka huko huko.

Iko ngazi nyingine inayoeleweka vibaya kuliko zote, nayo ni DD: taarifa hazitoshi. Wengi wanaisoma kama "hana tatizo". Maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda kutazama vya kutosha. Na kwetu, kutokwenda kutazama kuna historia.

Kusini ya Bukavu kuna safu ya Itombwe, inayopanda hadi mita 3,475, yenye msitu wa mlimani mkubwa kuliko mingine yote katika Ufa wa Albertine. Huko mtaalamu Mbelgiji Raymond Laurent alikusanya vyura kabla ya uhuru, na mwaka 1951 akaeleza mmoja wa ajabu: mdogo mno, mwenye mng'ao wa madini. Alimwita *Chrysobatrachus cupreonitens*, maneno ya Kigiriki na Kilatini yanayomaanisha chura wa dhahabu anayeng'aa kama shaba. Yuko peke yake katika jenasi yake. Akitoweka, tawi zima limekatika. Hakuna ndugu wa karibu atakayebaki kutuonyesha alivyokuwa.

Baada ya hapo, kimya. Mwaka 1950 ndio uliokuwa wa mwisho kuonekana, kisha yakaja maasi ya miaka ya 1960, kisha vita vya 1996 na 1998 na makundi yenye silaha yaliyofuata. Mwaka 2011 Eli Greenbaum, mtafiti kutoka Marekani, na Chifundera Kusamba wa kituo chetu cha utafiti cha Lwiro walipanda Itombwe na kumkuta. Alikuwepo. Miaka 61 ya ukimya ilikuwa ukimya wetu, si wake.

Ndiyo maana kanuni za Orodha Nyekundu haziruhusu kutangaza spishi imetoweka kwa sababu tu haijaonekana. Lazima iwe imetafutwa, katika makazi yake, msimu wake, saa zake, tena na tena, mpaka kusiwe na shaka ya maana iliyobaki. Mwaka 2014 ilielezwa hata spishi mpya kabisa ya *Leptopelis* kutoka Itombwe, *Leptopelis anebos*. Chura wa miti ambaye sayansi haikuwa na jina lake kabisa alikuwa akiita juu ya vichaka vile miaka yote tuliyokuwa tunakimbia risasi. Hifadhi ya asili ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006, na ikachukua miaka mingine ya mazungumzo na jamii zinazoishi humo kabla ya mipaka kukubaliwa mwaka 2016. Naona miaka hiyo haikupotea. Mipaka iliyochorwa mezani Kinshasa bila wenyeji isingemlinda chura yeyote.

Chura wa dhahabu ana fundisho jingine. Ingawa ni wa familia ya Hyperoliidae, yeye mwenyewe huishi kwenye majani ya nyanda za juu, palipo wazi, pembeni mwa msitu. Kumpandia miti pale kungekuwa kumfukuza. Kila spishi lazima iulizwe yenyewe inataka nini.

Kumkuta mzima hata hivyo kusitufanye tulegee, maana kuna vyura waliokwenda kinyume kabisa: walionekana vizuri, na wakamalizika mbele ya macho ya watu. Nchini Panama, karibu na mji wa El Valle de Antón, watafiti walimkusanya mwaka 2005 chura mkubwa wa miti mwenye utando mpana kati ya vidole. Akiruka kutoka kwenye kilele cha mti, alikunjua mikono na miguu akaelea. Jike alitaga kwenye mashimo ya miti yenye maji, na dume alibaki kulinda. Viluwiluwi vilikula ngozi ya mgongo wa baba yao. Alielezwa kisayansi mwaka 2008 kwa jina la *Ecnomiohyla rabborum*. Wakati jina linachapishwa, msituni alikuwa tayari amekwisha: sauti ya mwisho ilisikika mwaka 2007. Wachache waliokuwa wamehamishiwa Atlanta, Marekani, walikufa mmoja mmoja. Wa mwisho, dume aliyeitwa Toughie, alirekodiwa akiita mwezi Desemba 2014 ndani ya bustani ambamo hapakuwa na jike wa kumjibu. Alikufa tarehe 26 Septemba 2016.

Aliyewamaliza hakuwa mkata miti, bali kuvu. Jina lake ni *Batrachochytrium dendrobatidis*, na ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999. Mbegu zake zina mkia na huogelea majini mpaka zipate ngozi ya amfibia. Kwetu sisi ugonjwa wa ngozi ni usumbufu, ila kwa chura ngozi ni mapafu ya ziada, tena ndiyo mdomo wa kunywea maji, maana hunywa kwa kuikalia sehemu yenye unyevu. Kupitia ngozi hiyohiyo husawazisha chumvi za damu. Kuvu ikiota humo, sodiamu na potasiamu hushuka, na moyo husimama. Viluwiluwi hunusurika, kwa sababu sehemu ngumu inayoliwa na kuvu wanayo mdomoni tu. Wanaibeba bila kuugua, wanakua, wanaota miguu, wanapata ngozi ya kikubwa, na ndipo wanapokufa. Bwawa lililojaa viluwiluwi linaweza kukudanganya.

Utafiti wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kuvu hii imechangia kupungua kwa spishi 501, na 90 kati yake zinadhaniwa zimetoweka moja kwa moja. Asili yake imefuatiliwa hadi Asia ya Mashariki, na iliyoisambaza ni biashara ya binadamu ya kusafirisha amfibia hai. Imepatikana pia kwenye vyura wa Ufa wa Albertine. Kuipata kwenye ngozi si sawa na kupata ugonjwa, kwa kuwa ziko spishi zinazoibeba bila kudhurika. Lakini kuvu hii hustawi vizuri kati ya nyuzi 17 na 25 za Selsiasi, na kwenye joto kali la bondeni hudhoofika na kufa. Mtu wa Bukavu anajua nyuzi hizo ni za wapi. Ubaridi wa milima yetu, uliowatunza vyura hawa kwa maelfu ya miaka, ndio unaoipendeza kuvu. Ndiyo maana mtafiti makini akitoka bwawa moja huosha buti zake kwa dawa na kuzikausha kabla ya kukanyaga bwawa la pili.

Halafu kuna joto lenyewe linalopanda. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi kama sita. Maana yake ni kwamba hewa ikipata joto zaidi kwa nyuzi moja tu, chura anayetaka ubaridi aliouzoea atalazimika kupanda mita 160 hivi. Biega inaishia mita 2,790, Kahuzi 3,308. Na mlima huchongoka: kadiri unavyopanda ndivyo eneo linavyopungua, mabwawa yanavyokuwa machache, mpaka unafika juu, hakuna tena pa kwenda. Tena safari hiyo ya mita 160 inadhania kwamba kati ya bwawa la chini na la juu kuna msitu wa kupitia.

Hivi vyote havimfikii chura kwa zamu. Bwawa lililokauka nusu hukusanya vyura mahali pamoja, na mkusanyiko hueneza kuvu. Msitu uliokatwa huacha jua lipige kinamasi, na chura aliyekwisha kupoteza maji ana nguvu ndogo ya kupigana na maradhi. Mtu akiniuliza ni kipi hasa kinawamaliza, kile cha Panama nakijua. Kwa Kivu, kinachotangulia ni kupotea kwa mahali. Mengine hufuata juu yake.

Wiki iliyofuata nilimkuta mama yule pale pale, nikamweleza niliyoweza huku akifunga mafungu yake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza. Kwao Walungu, alipokuwa msichana, kulikuwa na kinamasi chini ya nyumba ya baba yake, na kwenye vichaka vya ukingoni alilia chura mmoja wa sauti fupi nzito, peke yake peke yake, si kwa kwaya kama hawa wa mjini. Kinamasi kilichimbwa mitaro, kikapandwa viazi. "Yule alihamia wapi?"

Nilimwambia ninavyojua. Mara nyingi hawahami. Dume wa chura wa miti huweza kurudi msimu unaofuata kwenye ukingo uleule na kuita, maji yawepo yasiwepo. Jike akija hatapata pa kutaga patakapofikisha watoto majini. Wakubwa waliopo huendelea kuishi, kwa hiyo sauti haikatiki siku mtaro unapochimbwa, na mwenye shamba anaweza kusema kwa haki kwamba chura bado yupo. Nikamuuliza kama anakumbuka sauti ile ilikoma lini. Akasema viazi vilikuwa vimevunwa mara mbili, labda tatu.